Risasi Zilizofika Buhaya

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa mtunza ghala la silaha katika jeshi la polisi, na ghala humfundisha mtu mapema kwamba bunduki isiyo na risasi yake ni fimbo tu. Wazee wa Kamachumu, nilikozaliwa, walipenda kusimulia habari za bunduki: ya Mjerumani, ya Mwingereza, ya Mchina. Risasi hawakuigusa. Vitabu navyo ni hivyo hivyo, vinahesabu askari, mizinga na bendera. Mimi nasema historia ya silaha katika Buhaya, yaani Bukoba na Muleba, imeamuliwa na swali la mwenye ghala, ambalo ni hili: risasi ikiisha, nyingine itatoka wapi?

Nianze na risasi yenyewe, kwa faida ya ambaye hajapata kuishika. Risasi kamili ina sehemu nne. Kuna ganda, kwa kawaida la shaba, siku hizi mara nyingi la chuma kilichopakwa rangi au vanishi. Kwenye kitako cha ganda kuna fataki ndogo inayopigwa na pini ya bunduki. Ndani ya ganda kuna baruti, na mdomoni kumekazwa kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Jina lake huwa ni vipimo. Ukisoma 7.62 × 39, namba ya kwanza ni upana wa tundu la mtutu na ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita. Waingereza walitumia inchi, ndiyo maana yao ikaitwa .303, ambayo ni kama milimita 7.7. Tofauti ya mtutu wa 7.62 na wa 7.92 huwezi kuiona kwa jicho, lakini chuma kinaijua. Risasi isiyo ya bunduki hiyo ama haiingii, ama inaingia na kumwumiza aliyeishika.

Silaha ya moto ya kwanza kuzoeleka kwetu haikuwa na risasi ya namna hiyo. Lilikuwa gobore. Lilipitia Karagwe, kwa njia ya wafanyabiashara waliotoka pwani wakapita Tabora na kuweka kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mtawala wake, Mukama Rumanyika. Wasafiri Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa imekwisha kuizoea njia hiyo. Pembe zilitelemka, vitambaa, shaba na bunduki vikapanda. Mbele ya Karagwe kulikuwa na Buganda, ambako Kabaka alikuwa akikusanya bunduki kwa bidii, na nguvu hiyo ikazielemea himaya za Wahaya zilizokuwa jirani yake.

Gobore hulishwa kwa mdomo: baruti nyeusi, kitambaa au nyuzi za kukazia, kisha marisau au kipande chochote cha chuma. La zamani zaidi, gumegume, liliwashwa kwa cheche ya jiwe. Lililofuata likawashwa kwa fataki. Mtutu wake ndani ni laini, hauna mifereji ya kuzungusha kichwa, na kwa hiyo shabaha yake hupotea mapema. Askari wa Ulaya walilidharau. Kwa mtu wa himaya ya Ihangiro au Kiziba lilikuwa na sifa ambayo bunduki za baadaye hazikuwa nayo, nayo ni kwamba halikuchagua chakula. Na nchi yetu ilikuwa nchi ya wahunzi. Pale Katuruka, katika eneo la Maruku, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya kuyeyushia chuma ya miaka ipatayo 2,000, na Peter Schmidt na Donald Avery wakaitangazia dunia ya sayansi mwaka 1978 ujuzi wa wahunzi wa Kihaya. Watu wenye mikono hiyo hawakushindwa kukata vipande vya chuma vya kutia kwenye gobore wala kurekebisha mtambo uliovunjika. Walichokuwa wakitegemea nje ni baruti na fataki tu.

Wakubwa wa Ulaya walilitambua hilo. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 walikubaliana kuzuia bunduki za kisasa, zile zinazolishwa kwa nyuma na zenye mifereji ndani ya mtutu, zisiingizwe kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili. Gumegume waliliachia mlango. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Emin Pasha akafika ufukweni mwa ziwa na kuanzisha boma la Wajerumani la Bukoba. Askari waliokuja na utawala ule walibeba risasi za maganda. Watawala wetu walibaki na magobore, kwa sheria iliyoandikwa katika mji ambao hakuna Mhaya aliyekuwa ameukanyaga. Mukama Kahigi wa Kianja alichagua urafiki na wageni hao na himaya yake ikapanuka. Watu wamemlaumu sana. Mimi, kila ninapofikiria tofauti ya kile alichoona mikononi mwa askari wale na kilichokuwa mikononi mwa watu wake, naona alifanya hesabu ya mtu mwenye ghala dogo.

Bunduki iliyotawala miaka ile ni Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ni nene: tundu la milimita 11, kichwa cha madini ya risasi chenye uzito wa gramu 25 hivi, kisichovikwa chuma, kinachosukumwa na baruti nyeusi kwa mwendo wa mita 440 hivi kwa sekunde. Risasi moja kamili ina uzito wa takriban gramu 43. Unapiga moja, unatoa ganda, unatia nyingine. Na kila ukipiga, wingu jeupe la moshi linatoka mbele yako na kusimama hapohapo, hasa asubuhi za Bukoba ambapo hewa ya ziwa ni nzito na haina upepo. Adui hana haja ya kukutafuta.

Wakati Wajerumani wanaijenga Bukoba, Ulaya ilikuwa imekwisha kuiacha baruti hiyo. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likatoa bunduki ya Lebel ya milimita 8. Hapo ndipo risasi za bunduki za kijeshi zilipoanza kuwa nyembamba. Baruti mpya ilisukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kichwa kidogo kiliweza kwenda haraka kuliko kile kikubwa. Lakini madini ya risasi yakikimbizwa kwa mwendo ule yanapaka ndani ya mtutu na kuuharibu. Ikabidi kichwa kivikwe koti la chuma kigumu zaidi. Wajerumani wakatoa risasi ya 7.92 × 57, na mwaka 1905 wakaipa kichwa kilichochongoka cha gramu 10, chenye mwendo wa karibu mita 880 kwa sekunde. Waingereza walikuwa na .303 tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1910 wakaifikisha kwenye toleo lao la saba: kichwa kilichochongoka cha gramu 11 na kidogo, mwendo wa mita 744 kwa sekunde.

Nimewasikia wazee wakishikilia kwamba ile nene ya Mjerumani ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, kwa sababu tundu lake lilikuwa kubwa. Sivyo. Nguvu ya kichwa hupanda kwa uzito, ila kwa mwendo hupanda zaidi: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Piga hesabu utaona kichwa cha gramu 10 cha mwaka 1905 kinatoka na nguvu inayozidi ile ya gramu 25 kwa zaidi ya mara moja na nusu. Tena kinakwenda karibu kunyooka, wakati kile cha 1871 kinaanguka njiani, na mpigaji wa mbali hulazimika kuinua mtutu na kukisia. Vita vya 1914 vilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Mjerumani katika nchi hii yalikuwa bado na hii ya 1871. Ile mpya ilikuwa imefika kwa wachache.

Sasa tuje Juni 1915. Jenerali Stewart wa Waingereza alipakia kikosi chake kwenye meli za ziwani huko Kisumu. Alikuwa na Fusiliers wa Kanali Driscoll, ambao ndani yao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa na umri wa miaka 63. Alikuwa na Waingereza wa Loyal North Lancashire, Wahindi wa Punjab na askari wa King's African Rifles (KAR). Shabaha yao ilikuwa mnara wa simu ya upepo wa Bukoba. Walishuka kaskazini ya mji, mahali ambapo miamba inaangukia ziwani, wakapanda, na kwa siku mbili, tarehe 22 na 23, wakapigana na watetezi wa mji kwenye vilima, migomba na majaruba ya kinamasi. Mnara ukaangushwa, boma likalipuliwa, mji ukaporwa, na uporaji ule uliwaaibisha Waingereza wenyewe. Kisha wakarudi melini na kuondoka. Wajerumani wakarejea Bukoba na kukaa mpaka mwaka uliofuata.

Simulizi nyingi za vita vile zinakaa kwenye ushujaa wa kupanda mwamba. Mimi natazama mizigo. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901. Sanduku la .303 lililoshushwa melini Mombasa lilisafiri kwa moshi wa treni na wa meli ya ziwani mpaka kwenye mchanga wa Bukoba, na binadamu hakulibeba ila hatua chache mwanzoni na mwishoni. Upande wa Mjerumani reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912. Kutoka hapo kuja kwetu, kila risasi ilikaa kichwani mwa mtu. Fanya hesabu ya mpagazi wa kilo 25. Akibeba risasi za 1871 ana mia tano na ushee, ukiacha uzito wa sanduku. Akibeba za 7.92, ambazo ni gramu 24 hivi kila moja, ana karibu elfu moja. Kampuni moja ya askari ikipigana kutwa nzima inaweza kumaliza jasho la wapagazi wengi waliotembea wiki nyingi kupita mapori. Watu hao walitoka vijijini mwetu na kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na makaburi yao hayana mawe. Ninaposikia watu wakibishana kama risasi ya Mjerumani ilikuwa bora kuliko ya Mwingereza, nakumbuka shingo zile.

Kwa upande wa ubora, Mjerumani hakuwa nyuma. Risasi yake ya 7.92 ilikuwa kali kuliko .303, na ganda lake halina ukingo uliotokeza kitakoni; .303 inao. Ukingo huo una faida na hasara. Faida ni kwamba ganda linakaa vizuri hata chumba cha bunduki kikiwa kimechakaa au kina uchafu, nalo hutolewa kwa urahisi. Hasara ni wakati wa kupanga: ukiweka ukingo wa ya juu nyuma ya ukingo wa ya chini, zinakwama. Askari wa KAR walifundishwa kupanga risasi zao mpaka vidole vikajua gizani. Waingereza walikuwa na bunduki ya risasi kumi dhidi ya watu ambao wengi wao walitia moja moja, na moja hiyo ikitoa wingu.

Jambo jingine la vita vile linanigusa kwa sababu ni kazi yangu. Novemba 1914, baada ya ushindi wa Tanga, Wajerumani waliokota risasi za Waingereza zipatazo 600,000 na bunduki zake. Aprili 1915 meli yao Rubens iliyopenya zuio la bahari ilipigwa katika ghuba ya Manza, ikakaa chini ikiwa na shehena. Wakaiopoa. Risasi zilikuwa zimeloa maji ya chumvi; ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe, fataki zijaribiwe, kisha zikazwe upya. Watu walikaa miezi wakifanya kazi hiyo kwa mikono. Von Lettow, jemadari wao, amesifiwa kwa ujanja wa kivita duniani kote. Mafundi waliokaa juani wakianika baruti ndio waliompa cha kupigia, nao hawatajwi.

Mwaka 1916 Waingereza walirudi Bukoba na kukaa, na Wabelgiji wakafika Biharamulo wakitokea Rwanda, na Mauser zao za milimita 7.65, aina nyingine tena isiyoingiliana na zilizotangulia. Kwa miezi michache mkoa huu mmoja wa Kagera ulikuwa na aina nne au tano za risasi za kijeshi, bila kutaja magobore ambayo hayakwenda popote. Halafu zote zikafutika, ikabaki .303. Bunduki nyingi za Mjerumani zilizobaki nchini zilikuwa nzima. Kilichoziua ni kukosa chakula: kiwanda kilikuwa Ujerumani, na Ujerumani haikuwa tena na bandari hapa.

Risasi ya .303 ilikaa nasi nusu karne na zaidi. Baba yangu aliibeba Burma mwaka 1944 akiwa na KAR, katika bonde la Kabaw ambako mvua na homa viliua kuliko Wajapani. Alituonyesha kwa mikono jinsi mkanda wa kitambaa ulivyokaa begani, risasi 50 ndani yake, tano tano. Alijua kusoma kitako cha ganda kabla hajajua kusoma barua vizuri: herufi K kwa risasi za Kynoch wa Birmingham, namba ya Kirumi VII kwa toleo, na mwaka. Zilizotoka India zilikuwa na herufi zao. Aliniambia askari walipendelea zenye mwaka wa karibuni, kwa sababu joto na unyevu wa meli huila baruti polepole.

Kuna habari ya risasi hiyo ambayo baba hakuijua, nami nimeijua kazini. Katika miaka ya 1890 Waingereza walitengeneza kule Dum Dum, karibu na Calcutta, kichwa cha .303 chenye ncha isiyovikwa koti, kinachotanuka kikiingia mwilini. Mkutano wa Hague wa mwaka 1899 ulikataza vichwa vya kutanuka katika vita vya mataifa. Toleo la saba la 1910 lilivikwa koti kamili kama mkataba ulivyotaka, lakini ndani ya ncha waliweka kitu chepesi, aluminiamu au hata karatasi iliyopondwa, ili uzito ukae nyuma. Kichwa cha namna hiyo hupinduka kikigonga. Sheria ilitimizwa kwa maandishi, na mtu aliyepigwa hakuona nafuu. Naona ni haki jambo hili lisemwe kwa Kiswahili, kwa kuwa miili ya wazee wetu ilikuwa pande zote mbili za mitutu.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka kwa kasi. Januari 1964 Tanganyika Rifles waliasi, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo JWTZ ikazaliwa. Msaada wa China ulipokuja, ulikuja na risasi ya 7.62 × 39, iliyobuniwa na Warusi mwaka 1943. Mtu aliyezoea .303 akiishika kwa mara ya kwanza huidhania ya mtoto. Ganda ni fupi, kichwa ni gramu 8 hivi, mwendo mita 715 kwa sekunde, na nguvu yake ni kama theluthi mbili ya .303. Warusi walikusudia hivyo. Walikuwa wameona, kama Wajerumani walivyoona kabla yao, kwamba askari wengi hupigana ndani ya mita 300. Risasi ya kufika kilomita ni uzito wa bure begani. Ndogo ina mateke madogo, kwa hiyo bunduki inaweza kupiga mfululizo na mtu akaidhibiti. Na inabebeka: mia moja za .303 ni kilo mbili na nusu, mia moja za 7.62 × 39 ni kilo moja na robo tatu hata haifiki. Kwetu bunduki zake ni mbili, SMG inayopiga mfululizo na SAR inayopiga moja moja, na majina hayo hata bibi wa Nshamba anayajua kutoka redioni. Nyingi za .303, zile tulizoziita Mark IV, zilishuka kwa polisi na mgambo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka na kuishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, likaua, likaiba ng'ombe na kubomoa kiwanda cha sukari. Mapema Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Nilikuwa kijana wa mgambo, nikapangiwa kupakua masanduku. Kwa hiyo vita vile mimi nilivijua kwa mgongo. Risasi zilikuja kwa treni mpaka Mwanza, zikavuka ziwa kwa meli, zikashushwa Bukoba, zikapakiwa kwenye malori, na mengi ya malori hayo yalikuwa ya watu binafsi yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita, mengine bado yana vumbi la kahawa na pamba. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Kutoka Bukoba mpaka Kyaka ni kilomita hamsini na kitu, na matope yale yalizifanya ziwe safari ya kutwa.

Jambo nililojifunza kwenye masanduku ni kwamba 7.62 siyo jina kamili la kitu chochote. Kuna 7.62 × 39 ya SMG na SAR. Kuna 7.62 × 54, ya Warusi tangu mwaka 1891, ndefu, yenye ukingo kitakoni kama .303, inayotumiwa na rashasha. Na kuna 7.62 × 51 ya nchi za NATO, ya miaka ya 1950, isiyo na ukingo. Upana wa kichwa ni karibu sawa kwa zote, na hakuna hata mbili zinazoingiliana. Sanduku likienda kwa wasiohusika, kikosi kizima kinakaa na chuma kisicho na kazi. Sajenti mmoja aliyetusimamia alikuwa akifungua kila sanduku la kwanza la kila shehena na kuweka risasi moja kwenye kiganja, akiipima kwa vidole kabla ya kutia sahihi. Tulimwona anachelewesha. Baadaye nilipokabidhiwa ghala nilifanya vilevile mpaka siku ya kustaafu.

Upande wa Amin ulikuwa mchanganyiko. Alikuwa na silaha za Urusi, za Uingereza kutoka enzi ya ukoloni, na Uzi za Israel za milimita 9 kutoka siku alipokuwa rafiki wa Israel. Kwa mwenye ghala hiyo ni adha tupu, kwa sababu kila aina ina sanduku lake, njia yake na mfadhili wake, na mfadhili akikasirika, aina hiyo inakufa. Jeshi letu nalo halikuwa na aina moja, lakini askari wa kawaida wa miguu na mwenzake walikula chungu kimoja. Tena bunduki za Kirusi walizoziacha Waganda walipokimbia zilikuwa zikila risasi yetu ileile. Sisemi risasi ndiyo iliyoshinda vita. Waliolala Kaboya, hapo Muleba, katika makaburi ya mashujaa, ndio walioshinda. Nasema walipofika Mutukula Januari 1979, Masaka Februari na Kampala tarehe 11 Aprili, nyuma yao kulikuwa na mnyororo wa masanduku ambao haukukatika, na urahisi wa kuwa na risasi moja kwa wengi ulisaidia mnyororo huo usikatike.

Risasi hiyohiyo ndiyo iliyotutesa baadaye, na hapa sina fahari ya kusimulia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda. Wengi mno walikuwa watu wa kuhurumiwa. Lakini katika miaka ile ya vita vya Rwanda, Burundi na Kongo silaha zilipenya mapori, na zilikuwa za aina ambayo risasi zake zipo kila upande wa mpaka. Mabasi ya Bukoba yakaanza kupita kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki kwenye mapori ya Biharamulo na Kasindaga. Abiria wa miaka ile anajua ukimya unaoingia ndani ya basi likikata kona ya msitu.

Ghalani tulipokea maganda yaliyookotwa barabarani. Ganda la 7.62 × 39 mara nyingi lina namba mbili tu kitakoni: moja ya kiwanda, nyingine ya mwaka. Hakuna jina la nchi wala la mji. Risasi ya Kynoch ilijitaja wazi; hii inaficha uso. Ndiyo sababu kufuatilia imetoka wapi ni kazi ya wataalamu na ya subira. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 ilipopita Kagera, Geita na Kigoma, zilizokusanywa zilikuwa SMG na, kando yake, magobore. Miaka zaidi ya mia na hamsini tangu misafara ya Kafuro, gobore bado lipo. Limeishi zaidi ya Mauser zote kwa sababu fundi wa kijijini anaweza kulilisha. Hilo silisemi kwa kulisifu. Nimeona mikono iliyokatika kwa mitutu ya bomba la maji. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inalihesabu kuwa silaha kama nyingine, na serikali imekuwa ikitoa misamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Nawaomba wenye magobore waitumie misamaha hiyo.

Dunia imeendelea kupunguza. Wamarekani walikwenda kwenye 5.56 × 45 katika miaka ya 1960, NATO ikaifuata mwaka 1980. Kichwa chake ni gramu 4, mwendo zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na mia moja hazizidi sana kilo moja na robo. Warusi wenyewe walitoa 5.45 mwaka 1974. Kwetu 7.62 × 39 bado inashika nafasi, na sababu ninayoiona ni ileile ya mwaka 1916: ndiyo inayopatikana, tena Shirika la Mzinga la Morogoro limetuwezesha kutengeneza risasi nchini. Mimi nalihesabu shirika hilo kuwa kubwa kuliko bunduki yoyote tuliyopata kununua au kupewa.

Kitu kinachoniudhi sasa ni vyuma chakavu. Shaba ya ganda la zamani ina bei, na wanunuzi wanapita vijijini na mizani. Wakulima wa vilima vya kaskazini ya Bukoba wanapolima hukuta maganda ya 1915, na watu wa Kyaka na Mutukula hukuta ya 1978, yote yanaingia gunia moja kwenda kuyeyushwa. Risasi isiyopigwa usiiguse wala kuisogeza, hata ikiwa na kutu kiasi gani; weka alama mahali hapo na uite polisi. Lakini ganda tupu la zamani lina haki ya kubaki Kagera. Pale Nyamukazi kuna makumbusho. Ningependa rafu moja tu, yenye gobore na pembe yake ya baruti, ganda la 11 la 1871, la 7.92, la .303 lenye K kitakoni, la Mbelgiji kutoka Biharamulo, na la 7.62 × 39 lenye namba zake mbili, kila moja na kibandiko kinachotaja njia iliyopita mpaka ikafika na nani aliibeba. Mengi ya hayo yatapatikana kwa kuuliza nyumba kwa nyumba. La 1871 ndilo gumu, kwa sababu lilikuwa kubwa, na kubwa ndilo lililouzwa kwanza.